Usikimbilie paneli kubwa, nionyeshe programu kwanza

Kila mara napata barua pepe za aina hii: "Nimeweka kihisio cha unyevu wa udongo shambani, kina sola na betri, lakini mawingu yakikaa siku mbili kinazima. Ninunue paneli ya wati ngapi?" Jibu langu huwa lile lile na huwaudhi wengi. Usinunue kitu. Nionyeshe programu yako kwanza.

Hebu tupige hesabu, ni ya darasa la sita tu. Tuseme chombo chako kikiwa macho kinatumia miliampia 80, nawe umekiacha macho mchana na usiku. Betri ya miliampia-saa 2600 itakwisha kwa saa 32 hivi bila jua. Sasa kilaze. Kiamke kila baada ya dakika 15, kipime, kitume, kilale tena, kazi ya sekunde 5. Kwa siku nzima kitakuwa macho dakika 8 pekee, yaani karibu miliampia-saa 11. Betri ile ile, bila jua hata kidogo, yafika miezi saba. Ni paneli gani itakupa faida hiyo? Na tukiwa wakweli, paneli kubwa shambani ni kama kuandika kibao kwamba wezi wanakaribishwa.

Lakini angalia taa ile ndogo nyekundu kwenye bodi, ile ya kuonyesha kuna stima. Ikila miliampia 2 tu, kwa siku ni 48, zaidi ya mara nne ya kazi yote tuliyohesabu hapo juu! Ing'oe. Kisha pima bodi ikiwa imelala, usiamini karatasi ya mtengenezaji wa chipu, kwa sababu karatasi ile haijui kuhusu kirekebisha volti cha bei rahisi kilichobandikwa kando yake.

Haya si mapya. Januari 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton waliwavisha pundamilia wa Laikipia kola zenye sola, katika mradi wa ZebraNet. Pundamilia humwongezei paneli upendavyo, wala humwambii asimame juani. Kwa hivyo ratiba ndiyo iliyobeba mzigo: GPS ikachukua mahali alipo mnyama kila dakika 8, na redio ikawashwa kila saa mbili kutafuta kola nyingine. Ilifanyika hapa kwetu, na bado tunauliza habari za wati.

Sasa nije kwenye jambo linalonikera hasa. Wengi wakishajifunza kulaza chombo huandika sharti moja: betri ikishuka, lala zaidi. Kwa shamba la nyanya ni sawa. Kwa kihisio cha kina cha mto ni hatari. Mafuriko huja na mvua, mvua huja na mawingu, na mawingu ndiyo yanayoshusha betri. Kwa hivyo chombo kinanyamaza saa ile ile watu wa chini wanakihitaji. Mafuriko ya Machi hadi Mei 2024 yaliua zaidi ya watu 200 nchini, kwa hiyo hapa sizungumzii mchezo wa maabara.

Mto unataka sharti kinyume: maji yakipanda, amka mara nyingi zaidi, hata kama betri inashuka. Kawi ya kufanya hivyo iwekwe akiba siku za jua, isiguswe na kazi za kawaida. Pia tenganisha kupima na kutuma. Kupima ni bei nafuu, kutuma ndiko kunakofilisi. Pima kila dakika 5, tuma maji yakibadilika kwa sentimita 10, na mara moja kwa siku kusema uko hai.

Ukitumia laini ya simu, weka kikomo cha kujaribu. Moduli za 2G huvuta hadi ampia 2 kwa mipigo mifupi, na mlingoti ukianguka kwa dhoruba, programu isiyo na kikomo itatafuta mtandao hadi betri ife. Majaribio matatu, hifadhi data, lala nusu saa, rudi.

Na asubuhi baada ya betri kuisha? Jua linachomoza, chombo kinaamka, redio inavuta, volti zinaanguka, chombo kinazima, kinaamka tena, hivyo hivyo hadi saa sita. Kwa betri ya lithiamu ya kawaida mimi hukiambia kisiguse redio hadi ifike volti 3.6 hivi, hata kama kiliacha kutuma kwenye 3.3. Pengo hilo ni mistari minne ya msimbo, na bado sijaletewa mradi hata mmoja ulio nalo tayari.

Ukitaka niutazame wako, nitumie programu pamoja na vipimo vya miliampia ikiwa imelala. Picha ya paneli usinitumie.