Kila Mkono Una Kamera



Sisi tulioanza kazi ya kufundisha katika miaka ya 1990 tumeona chombo cha kupigia video kikibadilika upesi kuliko chombo kingine chochote cha darasa au cha parokia. Mabadiliko hayo yametuletea mema mengi. Yametuachia pia wajibu ambao zamani haukuwa juu ya kila mtu.

Hapo kale filamu zilikuwa kazi ya wachache. Katika miaka ya 1950 wamisionari kama Padre Albert Van Haelst, huko Kasai, walitengeneza filamu zao na kuwaonyesha watu. Baadaye ikaja kaseti ya VHS, iliyoanzia Japani mwaka 1976. Mpiga video alibeba kamera nzito begani. Kaseti ilinunuliwa kwa fedha, nayo ilikuwa na mwisho. Betri iliisha upesi, na umeme wa kuichaji ulitoka kwenye jenereta ya kukodi. Kwa hiyo alichagua: ndoa, upadrisho, mazishi ya mzee wa ukoo. Kupanga picha kulihitaji mashine mbili zilizounganishwa kwa waya, na kila nakala ilififia kuliko ile iliyotangulia. Video ilisafiri polepole, ikawafikia wachache.

Kuanzia mwaka 1995 zikaja kaseti ndogo za dijitali, kisha diski, kisha kadi ya kumbukumbu isiyozidi ukucha. Leo kazi zote, kurekodi, kukata, kutia sauti na kusambaza, zinafanyika katika simu moja, kwa dakika chache. Nakala ya elfu yaweza kuwa safi kama ya kwanza.

Tunasema hivi: gharama ilikuwa mwalimu. Ilimlazimu mtu afikiri kabla ya kubonyeza. Mwalimu huyo ameondoka, na kazi yake imebaki kwa dhamiri ya kila mmoja wetu.

Hapa Kanyabayonga jambo hili si la nadharia. Mji wetu uko kwenye Barabara ya Taifa namba 2, njia ya wakimbizi. Mwaka 2024 ulipokea watu waliotoka Rutshuru na Masisi. Mwishoni mwa Juni ulipotwaliwa na M23, wengi walikimbilia Lubero na Butembo. Katika siku za namna hiyo, video ya mwaka mwingine au ya nchi nyingine ikipitishwa kana kwamba ni ya asubuhi ileile, familia yaweza kuingia njiani usiku na watoto bila sababu, au kurudi nyumbani kabla ya wakati. Video iliyopitia mikono mingi ya simu kwa kawaida hupoteza taarifa za siku na mahali ilipochukuliwa. Na sasa akili bandia inaweza kumtungia mtu sura na sauti.

Kuna jambo zito zaidi. Tangu Oktoba 2014 eneo la Beni limezika watu wengi waliouawa. Maiti si habari ya kushindania. Haifai mama ajue kifo cha mwanawe kwenye kioo cha simu ya jirani, kabla hajaitwa na kuketishwa na watu wake.

Wako watakaosema: basi tusirekodi kabisa, maana video haileti ila fujo. Hatukubaliani nao. Mnamo Septemba 2018 mahakama ya kijeshi ya Kivu ya Kusini iliwahukumu makamanda wawili wa FDLR kifungo cha maisha kwa mauaji ya raia yaliyofanyika Kalehe mwaka 2012. Miongoni mwa ushahidi zilikuwamo picha zilizopigwa kwa programu ya simu inayohifadhi siku na mahali, na kuthibitisha kwamba picha haikuguswa. Simu ileile inayoeneza hofu inaweza kumtetea marehemu asiyeweza tena kusema. Tofauti iko katika namna ya kuitumia.

Kwa hiyo tunapendekeza desturi nne katika jumuiya zetu. Tusirekodi uso wa marehemu wala wa mtoto aliye katika msiba ili kuusambaza. Tusipitishe video ambayo hatujui nani aliichukua, wapi na lini. Tunapoona uovu na usalama ukituruhusu, turekodi bila kukata, tutunze ile ya asili, tuikabidhi kwa anayeweza kuipeleka mbele ya haki. Na kabla ya kumwonyesha mtu aliyeteswa, tumwombe ruhusa, kwa maana uso ukitambuliwa waweza kumrudishia hatari.

Vijana wetu wanajua simu kuliko sisi. Hatuna la kuwafundisha kuhusu vitufe. Tunalo la kuwafundisha kuhusu kungoja kabla ya kutuma.