Unyevu na Maji



Juma lililopita kijana wa jirani aliniletea karatasi. Bibi yake ana kisukari na jeraha mguuni, na katika maelezo ya kulitunza mlikuwa na neno la Kiingereza, "moist". Kijana alilifasiri kwa neno alilolijua: majimaji. Basi kwa siku nne bandeji ikawa yamwagiwa maji asubuhi na jioni, hata ngozi inayozunguka jeraha ikageuka nyeupe na kukunjamana, kama vidole vya mfua nguo. Muuguzi alipoiona alisikitika sana. Alichotaka ni jeraha lisikauke, hakutaka lilowe. Kijana simlaumu. Maelezo ya mgonjwa asiyesoma Kiingereza yalistahili kuandikwa kwa Kiswahili tangu mwanzo.

Nami Kiingereza nilikisoma ukubwani, baada ya kutoka chuoni, kwa hivyo nililipima neno hilo polepole. Waingereza hutenganisha kadiri za maji. "Wet" ni kilicholowa, ukikikamua chatoa maji. "Humid" aghalabu ni la hewa, lile fukuto letu la Machi linalotubadilisha kanzu mara mbili kabla ya adhuhuri. "Damp" mara nyingi ni unyevu wa kuchukiza: ukuta unaoota ukungu, shuka iliyoanuliwa mapema. Asili yake ni mvuke, na wachimba makaa ya mawe waliziita hivyo hewa za hatari za migodini. "Moist" ni unyevu wa kiasi, na aghalabu husemwa kwa kusifu: keki iliyookwa vyema, udongo ulio tayari kwa mbegu.

Sisi nasi hatukupungukiwa. Nguo iliyonyeshewa imelowa chapachapa. Iliyokaa kambani saa moja tu bado ni mbichi. Na mwanafunzi yeyote wa mlango wa udhu ajua kwamba kupaka kichwa maji si sawa na kuosha uso.

Lakini neno linalonipendeza zaidi ni rutuba. Kwa Waarabu hilo ni unyevu wenyewe, hata ule wa hewani. Lilipofika kwetu likahamia shambani, likawa neema ya udongo, na leo ukimwambia mtu kuwa ukuta wake una rutuba atakucheka. Katika shina hilohilo mna "rutab", tende zilizoiva ambazo hazijakauka, zile alizoangushiwa Bibi Maryam (A.S.) alipoutikisa mtende, na ambazo Mtume wetu (S.A.W.) akifuturu kwazo, na asipozipata hufuturu kwa tende kavu.

Nikamwita mke wangu atuletee tende laini zilizosalia. Nikamtilia kijana moja kiganjani. "Ibinye," nikamwambia. "Yatoka maji?"

"La, Maalim."

"Ni kavu?"

"La."

Akanyamaza kidogo, kisha akainama akaisoma tena ile karatasi.

Nyuma yake nikaandika kwa Kiswahili: jeraha lisikauke wala lisilowe, wala lisimwagiwe maji. Kisha nikamtuma kwa muuguzi aisome kwanza kabla bibi hajafungwa bandeji nyingine, maana fasiri yangu nayo yaweza kukosea, na mguu ni wa mtu.