Waraka kwa Wanachama: Watoto Wasitolewe Barafuni

Ndugu wanachama, wazazi na walezi wa chama chetu hapa Kanada,

Nimepata habari kwamba wenzetu wawili wamewatoa watoto wao katika hoki kwa sababu ya matusi waliyotupiwa uwanjani. Siwalaumu. Lakini kabla viatu vya barafu havijauzwa, naomba mnisikilize kidogo habari za Willie O'Ree.

Mzee huyu ni mzaliwa wa Fredericton, New Brunswick. Tarehe 18 Januari 1958 alivaa jezi ya Boston Bruins mjini Montreal, akawa Mweusi wa kwanza kucheza NHL, ligi kuu ya hoki. Boston walishinda 3-0. Siri aliyoificha ni kwamba jicho lake la kulia lilikuwa karibu halioni kabisa. Alikuwa kijana bado alipopigwa usoni na kile kisahani cha mpira mgumu, na kanuni za ligi hazikumruhusu mwenye jicho moja. Akanyamaza. Alicheza winga ya kushoto, pasi nyingi zikimjia kutoka upande asioona, ikambidi ageuze shingo kila mara. Huku shingo imegeuka, huku majukwaani wanamtukana rangi yake! Miaka kadhaa baadaye, huko Los Angeles, kocha alimhamishia winga ya kulia, na jicho zima likauelekea mchezo.

NHL alicheza mechi 45 tu, mabao 4. Uchache huo hauniumi. Kinachoniuma ni kwamba Mweusi wa pili, Mike Marson, hakuonekana hadi 1974. Na kabla yao Herb Carnegie wa Toronto, fundi aliyesifiwa hata na wapinzani, hakupewa mechi hata moja.

O'Ree alikuwa peke yake. Watoto wetu wana sisi, ila majukwaani hatuonekani; tunawashusha mlangoni tunakwenda zetu. Najua baridi ya mle ndani, na mimi pia huikimbia.

Basi kuanzia Jumamosi ijayo, kila mechi wawepo wazazi wasiopungua wanne. Tusi likitamkwa, andikeni saa, timu na maneno yenyewe, mumwone refa hapo hapo; chama kitapeleka malalamiko kwa maandishi. Na nyinyi wenzetu wawili, viatu msiviuze. Warudisheni vijana, tutakaa nanyi.

Wenu,
Katibu