Mwanafunzi na Kitabu Chake

Wako wanafunzi wengi wasio na uvivu hata kidogo, na juu ya hayo hawafaulu. Jioni huketi mbele ya taa, husoma sura moja mara tatu au nne, na hupiga mistari kwa kalamu nyekundu chini ya kila neno lionekanalo kuwa kubwa. Usiku wa kuamkia mtihani hukesha. Majibu yatokapo, alama zikiwa chache, baba husema kwamba mtoto hana kichwa, na mtoto naye husadiki. Wengine huacha shule kwa sababu hiyo, na ng'ombe aliyeuzwa kwa ajili ya karo amekwenda bure.

Mara nyingi kichwa hakina kosa. Kosa ni la namna ya kusoma. Mtu aupitiaye ukurasa ule ule mara ya tatu haoni neno lililo geni, basi hudhani kwamba ameyajua yote. Kumbe kuutambua uso wa mtu ni jambo moja, na kulikumbuka jina lake wakati hayupo ni jambo jingine. Katika chumba cha mtihani kitabu hakipo.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 2006 wataalamu wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walitoa habari za jaribio walilowafanyia wanafunzi wa chuo kikuu. Kundi moja lilipewa vipindi vinne vya kusoma habari fupi. Kundi jingine lilipewa kipindi kimoja tu cha kusoma, na katika vipindi vitatu vilivyofuata liliandika yote liliyoyakumbuka pasipo kuitazama karatasi. Baada ya dakika 5, wale waliosoma tu walitangulia, wakikumbuka sehemu 83 katika 100, na wenzao 71. Lakini baada ya juma moja waliosoma tu walibakiwa na 40, na wale wengine 61. La ajabu ni kwamba wale waliorudia kusoma ndio waliotumaini zaidi kuwa watakumbuka.

Walimu wa zamani hawakuwa na hesabu hizo, walakini walitenda vivyo hivyo. Mwalimu wa katekisimu aliuliza na mwanafunzi akajibu bila kitabu, na katika vyuo vya Kurani vya pwani mtoto humsomea mwalimu wake kwa moyo kabla ya kupewa somo jipya. Wako wanaodharau mafundisho hayo na kuyaita ya kikasuku. Lawama hiyo ni ya haki ikiwa mtoto hafahamu maana ya ayasemayo. Lakini kuulizwa kitabu kikiwa kimefungwa hakukuwa upuuzi hata siku moja.

Basi kijana asomaye habari za reli ya Uganda, akiisha kusoma kurasa mbili, na akifunge kitabu ajiulize: Kazi ilianza Mombasa mwaka gani? Ilifika ziwani mwaka gani? Kwa nini vibarua wengi walitolewa Bara Hindi? Na aandike majibu nyuma ya daftari kuukuu. Labda atakumbuka 1896, na 1901 itampotea. Hapo ndipo afungue kitabu, atazame lile lililompotea tu. Kazi hii ni chungu kuliko kupiga mistari, maana humwonyesha mtu ujinga wake waziwazi, na kwa sababu hiyo wengi huikimbia. Lakini mahali pasipofika umeme, mafuta ya taa ni fedha, na ni hasara kuyachoma kwa kusoma yale ambayo mtu ameyajua tangu juzi.

Jambo la pili ni kugawa kazi. Mjerumani mmoja, Hermann Ebbinghaus, alijipima mwenyewe kwa kukariri orodha za silabi zisizo na maana, akatoa kitabu mwaka 1885. Aliona kwamba kukariri mara 38 kwa kugawanya katika siku tatu kulimfaa sawasawa na kukariri mara 68 katika siku moja. Kwa hiyo nusu saa kila jioni ni bora kuliko saa tatu za Jumapili. Na usingizi usidharauliwe: mwaka 1924 Jenkins na Dallenbach wa Marekani walionyesha kwamba mtu akilala baada ya kukariri husahau machache kuliko yule akaaye macho kwa muda ule ule. Mwenye kukesha usiku wa mtihani hujinyang'anya mwenyewe.

Hayo yote ni maneno matupu kwa msichana afikaye nyumbani, akatwishwa mtungi, akapika, akaosha vyombo, na kukishika kitabu saa tatu ya usiku macho yakifumba, huku kaka yake amekaa kitako tangu saa kumi na moja. Wazazi wa namna hiyo wamelipa karo ya watoto wawili, na wanamsomesha mmoja. Katika Kenya jua huchwa karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima; nusu saa kabla ya giza haihitaji taa wala senti. Maji na yachotwe na wote wawili, kisha kila mmoja apewe nusu saa hiyo.

Wala mama asiyejua kusoma asidhani kwamba hana la kusaidia. Mtoto akiwa amefunga kitabu, mama aweza kumwuliza, "Leo mmefundishwa nini?" naye aeleze kwa lugha ya nyumbani huku mboga zikichambuliwa. Mahali atakaponyamaza, wote wawili watajua ni ukurasa gani wa kufungua.