Mnipe Saa Mbili za Jumamosi

Ndugu zangu wa Makiso, Mangobo, Kabondo, Tshopo na komini ya Kisangani, nanyi wa Lubunga mnaovuka mto kila asubuhi na mizigo yenu: nimekuja kuomba. Mnipe saa mbili za Jumamosi, kuanzia saa tisa za alasiri hadi saa kumi na moja. Katika saa hizo simu ilale ndani, televisheni izimwe, na kila mmoja wetu, mkubwa kwa mtoto, ashike kitu kilichotoka mtoni, msituni au shambani, akitengeneze kwa mikono yake. Kitu chochote: ufagio wa njiti za mchikichi, mgono wa samaki, kamba, kifuniko cha kikapu, mchi wa kutwangia lituma.

Asubuhi ya Jumamosi siigusi. Tangu enzi za Mobutu tunaijua salongo, kazi ya lazima ya kufyeka majani na kuzibua mifereji, na wazee wengi hawapendi kuikumbuka kwa sababu walifagia huku wakihesabiwa. Ninachoomba mimi hakina daftari la majina wala faini. Naomba kama jirani anavyokuja kuomba moto.

Jambo hili lilianzia uani kwetu, usiku ambao kuran, umeme wetu, ilikatika na kukawia kurudi. Simu zilizimika moja baada ya nyingine, na kila iliyozimika ilimtoa mwenyewe nje. Bibi wa jirani alikuwa ameketi, miguuni pake mabaki ya kekele, kamba ya msituni, aliyotumia kukaza kiti kilicholegea. Hakumwita mtu. Alipinda ukanda mmoja, akazungushia wa pili, na muda si muda watoto saba walikuwa wamemzunguka, kimya, kila mmoja ameinama kutazama vidole vyake kwenye mwanga wa mbalamwezi. Kuran iliporudi, wengi walikimbilia ndani. Msichana mmoja wa miaka 10 alibaki.

Kesho yake alikuwa na mgono wake, mrefu kama mkono wa mtoto, umepinda upande mmoja. Mvua ilikuwa imenyesha, akautega kwenye mfereji unaopita nyuma ya parsela. Ulinasa majani, kijiti na chura. Akarudi mbio, na hakuja kuonyesha chura, alikuja kuuliza. Huyu ameingia mwenyewe, mbona hakutoka?

Hakuna aliyemtuma kuuliza, wala hapakuwa na zawadi ya jibu. Swali lilitoka kwenye vidole vyake. Watu husema ilhamu hushuka kwa wateule, kwa wanamuziki na wachoraji. Mimi niliiona ikimpanda mtoto kutoka kwenye mfereji wa mtaa wetu, na tangu siku hiyo nimeshindwa kunyamaza.

Swali lile lilitupeleka Wagenia. Wengi wetu tunapeleka wageni kule, wanapiga picha, tunarudi. Miaka yote niliyoishi mjini hapa sikuwahi kukaa pale saa nzima nikitazama. Mto unashuka kutoka Ubundu kwa maporomoko 7, katika mwendo wa kilomita 100 hivi, na poromoko la mwisho liko hapa mlangoni petu. Wavuvi wamesimika miti minene ndani ya matundu ya miamba, matundu ambayo maji yenyewe yameyachimba, wakaifunga kwa kamba za msituni, na kwenye miti hiyo wakaning'iniza migono yenye umbo la faneli, mingine mikubwa kuliko mtu. Mzee mmoja wa pale alimwonyesha msichana kwa kiganja chake. Maji yanasukuma, samaki anaingia kwenye mdomo mpana, na kadiri anavyokwenda ndani nafasi inabana, na nguvu ile ile ya maji inamkandamiza hata asiweze kugeuka. Mto ndio unaofanya kazi. Mvuvi amejifunza mahali pa kuuweka mgono, na ameujenga wa kuhimili.

Tena mto ukifura, miti ile huchukuliwa, na watu huanza upya kukata, kubeba, kusimika, kufunga. Kila familia ina mahali pake kwenye miamba, mahali palipotoka kwa babu. Hakuna aliyejifunza kazi hiyo kwa kusimuliwa tu. Mtoto husimama pale juu, miguu imelowa, akashika kamba anayoambiwa kushika.

Nikae kidogo kwenye kekele, maana inastahili. Tunaiita kamba, lakini kwa ukoo ni ndugu wa mchikichi na mnazi. Tofauti yake ni kwamba haiwezi kusimama peke yake, hivyo imeota miiba na kulabu za kushikia miti mirefu mpaka ifike kwenye mwanga. Mkataji huivuta kutoka juu, na wakati mwingine hushuka na matawi makavu na siafu. Huivua gamba lake la miiba, huikunja mviringo kama tairi la baiskeli, huibeba begani mpaka barabarani. Kwenye karakana, kekele nene hupindwa motoni kuwa miguu na migongo ya viti, na nyembamba hupasuliwa kwa kisu, hukwanguliwa ndani, hulowekwa, ndipo isukwe. Jaribuni kuipasua. Kisu kikienda pembeni kidogo, ukanda wote umepotea, na kichwa hakina nafasi ya kufikiria kitu kingine. Nimewaona vijana ambao hawawezi kumaliza mlo bila kutazama kioo cha simu wakikaa na ukanda mmoja wa kekele mpaka jua likazama. Wanamuziki wetu walipounda kundi la rumba mwaka 2000 na kuliita Kékélé, walijua wanachagua jina la kitu kinachofunga na kisichokatika.

Lakini hata kekele inakwisha. Wakataji wanalazimika kwenda mbali zaidi na mji kuliko walivyokwenda baba zao. Kijana asiyejua jinsi kiti kilivyopatikana hataona sababu ya kuuchunga msitu kilikotoka. Kwake kiti kimetoka kando ya barabara, basi. Ndiyo maana naomba mikono kwanza. Hotuba juu ya msitu tumesikia nyingi, na baada ya kila moja tulirudi nyumbani tukiwa vilevile.

Sina ugomvi na simu. Kwa simu mama anayeuza samaki anajua bei kabla mtumbwi haujafika, mtoto aliye Kinshasa au Bunia anatuma pesa ya dawa, na sisi wenyeji wa mji huu, tuliojificha chini ya vitanda wakati wa vita vya Juni mwaka 2000, tunajua thamani ya kuweza kumwuliza ndugu yako kama yuko hai. Ninachokihofia ni kile kinachotokea kimyakimya: mega zinanunuliwa kabla ya sabuni, mtoto anaamka na kioo usoni, na jioni nzima inapita watu watano wako chumba kimoja na hakuna aliyemwona mwenzake. Macho yamechoka, vidole vinasogea, na mwisho wa siku hakuna kitu mezani cha kusema, hiki nimekifanya mimi.

Kuna kazi nyingine ninayoipenda sana, na haihitaji hata kisu. Tukishuka na mto kilomita 100 hivi tunafika Yangambi. Pale Wabelgiji walianzisha mwaka 1933 taasisi kubwa ya utafiti wa kilimo, ambayo leo ni INERA, na ndani yake kuna herbaria, ghala la mimea iliyokaushwa, lenye vielelezo takriban 150,000. Mtu anaposikia hivyo hudhani ni mambo ya mashine. Hapana. Ni jani, karatasi na mkono. Tawi hutandazwa kati ya magazeti, huwekewa uzito, hukaushwa, kisha hubandikwa kwenye karatasi na kuandikwa: jina lake, mahali lilipochumwa, tarehe, aliyelichuma. Wanasayansi kutoka mbali husafiri kuja kusoma karatasi hizo.

Sasa nauliza, nini kinatuzuia kuwa na kitabu cha majani katika kila mtaa? Magazeti ya zamani yapo. Matofali ya kuwekea uzito yapo. Jani la kufungia kwanga lipo, jani analochemsha mama mtoto akiwa na homa lipo, jani la mti ule wa msapeli ambao viwavi wake, mbinzo tunazozila kwa hamu, hushuka mwezi wa nane, nalo linapatikana. Chini ya kila jani tuandike jina lake kwa Kienya, Kilokele, Kitopoke, Kimbole, Kilengola, kadiri tutakavyoambiwa na wazee. Majina mengine yako kwenye vinywa vya watu wachache tu waliobaki. Mtoto atakayetembea mtaani akiuliza jina la jani moja atakuwa amebisha hodi kwenye milango kumi. Na ninyi wanafunzi wa sayansi wa Chuo Kikuu cha Kisangani, mnaokwenda na madaftari yenu kwenye msitu wa Masako, mnaweza kuja mtaani Jumamosi moja mkatuonyesha namna ya kukausha bila jani kuoza? Hiyo ni saa moja ya muda wenu, nasi tutaikumbuka.

Walokele nao wana deni la kutulipa, na nalisema kwa upendo. Yakusu, chini kidogo ya mji, mmisionari Mwingereza John Carrington alikaa miaka akijifunza ngoma zao zisemazo, na mwaka 1949 akachapisha kitabu juu ya ngoma hizo. Gogo lililochimbwa ndani lina sauti mbili, ya juu na ya chini, zinazofuata kupanda na kushuka kwa lugha. Kwa kuwa maneno mengi hupanda na kushuka kwa namna moja, mpigaji hakuweza kutuma neno tupu; alilivisha fungu zima la maneno ili asikilizaye ng'ambo asikose. Ujumbe ulihitaji subira ya pande mbili. Kama bado yupo mzee kando ya mto anayejua kupiga jina la baba yake, tunaomba atuite. Tutaleta watoto.

Wazee, mtanisamehe nikisema kwamba ombi hili linawalemea ninyi kuliko wengine. Mnatuambia vijana hawasikilizi. Labda ni kweli. Lakini bibi yule wa uani hakumwambia mtu asikilize. Alifanya kazi yake mahali ambapo watoto wangeweza kumwona. Tokeni nje na kazi zenu. Ketini mbele ya nyumba.

Walimu, nawaheshimu, na najua madarasa yamejaa zaidi tangu elimu ya msingi ifanywe bure mwaka 2019. Nakumbuka somo la kazi za mikono tulipokuwa watoto: mwalimu alitaka kila mtu alete ufagio, nasi tukaununua sokoni, tukapata maksi. Tulinyimwa kitu siku ile, na hakuna aliyegundua. Mtoto akileta ufagio uliopinda, aliousuka mwenyewe, mpeni maksi zaidi ya aliyeleta mzuri wa kununua.

Wachungaji, mapadri na maimamu, mnajua kutangaza neno likafika kila nyumba. Litangazeni hili mara moja tu.

Kuna watu wengine ninaowafikiria kila ninapoandika neno Lubunga. Tangu mwaka 2023, mgogoro wa Wambole na Walengola umewatoa maelfu ya watu vijijini mwao ng'ambo ya mto, na wengi wako mjini hapa, kwenye mahema na kwenye vyumba vya ndugu. Tunapowapelekea unga na nguo tunafanya vema. Lakini tumewahi kuwauliza wanajua kufanya nini? Kati yao wamo wasukaji, wachonga mitumbwi, akina mama wanaojua kila uyoga na kila jani. Wamekaa miezi mingi wakipokea, na kupokea tu kunamchosha mtu moyo. Mkianzisha Jumamosi yenu, nendeni mkawaalike wafundishe, na wapeni kiti cha mwalimu. Mmbole na Mlengola wakishika ncha mbili za kekele moja, hatutakuwa tumemaliza mgogoro. Hayo yana wazee wake na mahakama zake. Watakuwa wamekaa pamoja alasiri moja, na watoto wao wamewaona.

Wapo watakaouliza kama mji kama wetu una chochote cha kumpa mtu wa leo. Faustin Linyekula, mcheza dansi anayealikwa kwenye majukwaa makubwa ya dunia, aliihamishia Kisangani karakana yake ya dansi, Studios Kabako, kutoka Kinshasa mwaka 2006, akaja kufanyia kazi hapa, kati ya watu wetu na mto wetu. Angeweza kubaki kokote.

Basi tuanze bila kungoja mkutano. Mtaa mmoja, uani kwa mtu mmoja, watu watano wanatosha. Anayejua afundishe, asiyejua ashike. Mtu akilazimika kupokea simu ya mgonjwa, apokee, kisha airudishe ndani. Takataka za plastiki zilizo kwenye mfereji wa karibu ziokotwe kwanza, maana mgono ukitegwa kwenye plastiki hunasa plastiki. Kitakachotengenezwa kibaki kwa aliyekitengeneza, hata kama ni kibaya, na kitumike nyumbani.

Jumamosi hii, saa tisa, sisi tutakuwa uani kwetu Mangobo. Bibi amekubali kuja, mradi apate kiti chenye mgongo. Tuna kisu kimoja kikali, ndoo ya maji ya kulowekea, na rundo la magazeti ya zamani kwa ajili ya majani. Msichana amekwisha kuanza mgono wa pili. Mdomo wake ameupanua zaidi ya ule wa kwanza, na anatafuta mtu wa kumpeleka mtoni akautege.