Itazame Picha ya Mwenzako Kabla ya Kuisifu

Vijana wa Kamunyonge, hapa Musoma, wameshika kamera. Asiye na kamera anayo simu, na kwa simu hiyo anapiga furukombe, anapiga kenge wakiota jua, anapiga mnandi waliotandaza mabawa juu ya mawe wakijikausha. Mwenye bahati ya kupita Bunda hadi lango la Ndabaka hurudi na nyumbu na twiga. Ni jambo la kheri. Serengeti imekuwa hifadhi ya taifa tangu mwaka 1951, na kwa muda mrefu dunia iliiona kwa macho ya wageni: Bernhard Grzimek na mwanawe Michael, Wajerumani ambao filamu yao juu ya mbuga hiyo ilipata tuzo ya Oscar mwaka 1960, na Hugo van Lawick, Mholanzi aliyeishi kambini Ndutu miaka mingi na kamera zake. Sasa mwana wa mkoa wa Mara anajipigia mwenyewe. Je, ni nani anayemwambia ukweli kuhusu picha zake?

Hapo ndipo tunapokosea. Tunapoonyeshwa picha tunaitupia jicho mara moja, tunasema "safi sana kaka", "kali hiyo", kisha tunarudisha simu. Wako na wengine, hasa wanaopiga picha wao wenyewe, ambao hucheka na kuuliza, "Na hiyo nayo ni picha?" Wa kwanza amekwepa kazi, wa pili amevunja moyo wa mtu, na wote wawili hawakutazama.

Nyani haoni kundule, na mpiga picha ni vivyo hivyo. Yeye alikuwepo. Alisikia mlio wa furukombe, alilowa miguu, alisubiri mpaka shingo ikakakamaa. Akiitazama picha yake anayaona yote hayo, ingawa ndani ya picha hayamo. Mimi na wewe hatukuwepo, na kwa sababu hiyo jicho letu lina thamani kwake: linaona kilichomo tu. Tukimpa "safi sana" tumemnyima kitu pekee ambacho hawezi kujipatia mwenyewe.

Kutazama maana yake nini? Chukua picha ya yangeyange amesimama majini. Ni ndege mweupe, na maji nyuma yake ni ya giza. Simu inapima mwanga wa sehemu kubwa ya picha, inaona giza, inaongeza mwanga, na ndege anaungua: kifua kinakuwa bapa jeupe kama karatasi, hakuna unyoya unaoonekana. Kumwambia mwenye picha kwamba ni mbaya hakumsaidii. Mwambie hivi: "Ulivyomvizia ni vizuri, umemkaribia na hakuruka. Ila manyoya ya kifuani yamepotea. Siku nyingine mguse ndege kwa kidole kwenye kioo, ikitokea ile alama ya jua iteremshe kidogo kabla ya kupiga." Maneno hayo hayafiki dakika moja, na kesho asubuhi anaweza kuyafanyia kazi.

Au chukua mwanga wetu wenyewe hapa Musoma. Kwenye ufuo unaotazama magharibi, jioni jua liko mbele yako juu ya maji, kwa hiyo kila ndege anatoka kivuli cheusi. Kivuli hicho kina uzuri wake, sikatai, lakini kijana anayelalamika kwamba rangi za mdiria wake hazionekani, kamera yake haina kosa. Mwambie arudi asubuhi, jua likiwa mgongoni mwake. Mwonyeshe pia mstari wa maji kama umelala upande, maana ziwa lililoinama linamsumbua mtazamaji kabla hajamfikia ndege. Mwonyeshe jicho la mnyama: likiwa na ukungu, picha nzima imekosa uhai hata kama mkia umetoka safi.

Lakini kabla ya kutaja kosa, uliza nia. Mwaka 2014 Mmarekani Michael Nichols alipata tuzo kuu ya picha za wanyamapori inayotolewa na Makumbusho ya Historia ya Asili ya London, kwa picha ya simba majike watano na watoto wao wakipumzika juu ya jiwe hapo hapo Serengeti. Picha ile haina rangi. Mtu wa haraka angesema imeharibika, kumbe mwenyewe alitaka hivyo, baada ya kuwafuata simba wale kwa miezi. Kwa hiyo swali liende mbele ya hukumu: "Hili tawi linalopita juu ya kichwa ulilitaka?" Akisema alilitaka, akueleze kwa nini. Akisema hakuliona, ameshajifunza na hujamwaibisha.

Liko swali jingine ambalo marafiki wengi huogopa kuuliza, nalo ni picha ilipatikanaje. Huko Naivasha, Kenya, wenye mashua hupiga mluzi na kutupa samaki majini ili furukombe ashuke mbele ya kamera ya mtalii. Picha inayotoka inapendeza, lakini tendo lililomo ni la mwenye mashua pia. Aseme hivyo mwenye picha. Brazil ilitoa mfano mchungu zaidi: picha ya Marcio Cabral ya mnyama mla-mchwa usiku ilishinda tuzo katika mashindano yale yale ya London mwaka 2017, na Aprili 2018 ikaondolewa, kwa kuwa wataalamu waliolinganisha alama za mwili waliona kwamba yawezekana sana alikuwa mnyama aliyekaushwa na kujazwa. Mwenyewe alikana. Basi ukiona picha ya kinda ndani ya kiota, limepigwa kwa karibu mno, muulize ndugu yako mama wa kinda alikuwa wapi wakati ule. Ukiona nyumbu wamesita ukingoni mwa Mto Mara, uliza magari yalikuwa yamesimama wapi. Mnyama hawezi kujitetea kwenye picha, na sisi tunaotazama ndio tuliobaki kumsemea.

Najua jibu nitakalopewa: sisi ni watu wa heshima, mdogo hamkosoi mkubwa. Siafiki. Magazeti ya Kiswahili, tangu siku za Mambo Leo lililoanza mwaka 1923, yalikuwa baraza la washairi. Huyu aliuliza, yule akajibu, na beti iliyopungua mizani haikupita bila mwenzake kuiona. Sheikh Kaluta Amri Abedi alipotoa Sheria za Kutunga Mashairi mwaka 1954, aliwaandikia watu waliozoea kupimana kwa adabu. Adabu ile haijatutoka. Kijana anaweza kumwamkia mwenye studio aliyempita miaka thelathini, akamwambia, "Mzee, naomba nikuulize kuhusu mwanga wa picha hii," na mzee akafurahi kuliko alivyofurahia sifa zote za juma lile.

Nashauri basi wapiga picha wa Kamunyonge wakutane na wenzao wa Makoko, Mwisenge na Nyasho, Jumamosi moja kila mwezi. Kila mtu alete picha moja iliyosafishwa kwenye karatasi, maana picha ishirini ndani ya simu hazitazamwi, zinapitishwa tu. Mwenye picha anyamaze kwanza, wenzake waseme wanachokiona, ndipo aeleze alichokusudia. Mwezi unaofuata amrudie ndege yuleyule, mahali palepale, picha mbili ziwekwe mezani pamoja. Waalikwe waongozaji wa watalii wa Bunda wanapokuwa nyumbani. Na wavuvi wa dagaa wasiachwe nje kwa sababu hawana kamera: wao wanajua mnandi analala kwenye jiwe lipi na anaondoka saa ngapi, na wakiona picha iliyodanganya watasema mara moja.