LIJAMU NI LAKE, LAWAMA NI YETU

Ndugu wafanya kazi,

Karatasi yetu hii kwa desturi hubeba habari za mishahara, nyumba na saa za kazi. Leo twaomba nafasi ya kusema juu ya kipande cha chuma kisichozidi urefu wa kiganja cha mtu. Chuma hicho huitwa lijamu, nacho hukaa kinywani mwa farasi. Msiseme kwamba jambo hili ni la matajiri na michezo yao. Chuma hicho kimemtoa mwenzetu kazini.

Habari yenyewe ni hii. Mwenzetu huyo alikuwa saisi kwa miaka 11 katika zizi moja ambalo hatutalitaja. Mwenye farasi alinunua lijamu jipya kwa kutazama picha tu, akalileta asubuhi akasema, "Tia hili." Saisi akalijaribu, akaona ni fupi. Akasema, "Bwana, hili lambana." Akajibiwa afanye alivyoambiwa, na tena akaze mkanda wa pua ili farasi asiachame kinywa. Akakaza. Siku ya tatu farasi alirusha kichwa, akasimama kwa miguu ya nyuma, akamwangusha mpandaji, naye akavunjika mkono. Jioni ile ile saisi aliambiwa achukue blanketi lake aende zake. Kosa lake, eti, alifunga vibaya.

Tulikwenda kule pamoja na mwakilishi wa wafanya kazi. Tulipima lijamu lile: inchi 4 na nusu. Tukapima kinywa cha farasi kwa kijiti, kutoka pembe ya mdomo hata pembe ya pili: inchi 5. Pembe zote mbili zilikuwa na vidonda. Mtoto wa shule angalifahamu hesabu hiyo. Tulisema sana, na mwisho mwenzetu akalipwa notisi na likizo yake, lakini kazi hakurudishiwa. Mwenye farasi akaajiri saisi mwingine, naye siku ya kwanza akapewa agizo lile lile: "Tia hili."

Kwa hiyo twasema wazi: kila mwenye farasi na ajifunze kufunga vyombo vya farasi wake. Asipojua, asitoe amri.

Mwenye farasi atatujibu, "Mimi nalipa saisi ili nisishughulike na mikanda." Jawabu hilo twalijua, nalo halisimami. Ni kweli saisi ndiye afungaye kifungo. Lakini nani anunuaye lijamu? Nani aamuruye mkanda ukazwe? Na nani ashikaye hatamu na kuvuta? Saisi hubaki chini na ndoo yake. Mkono uumizao ni mkono ulio juu ya tandiko. Mtu hawezi kuweka amri kwake na makosa kwetu.

Na tutazame kinywa chenyewe, maana watu wengi wamepanda farasi miaka ishirini bila kukifunua hata siku moja. Farasi ana meno ya mbele ya kukatia majani, na magego nyuma ya kusagia. Katikati pana pengo lisilo na meno. Hapo ndipo lijamu hukaa, juu ya ulimi na juu ya fizi. Fizi hiyo ni ngozi nyembamba iliyolala juu ya mfupa, wala haina nyama ya kuilinda. Atakaye kujua uchungu wake na agonge muundi wake kwa kijiko.

Lijamu likiwa fupi, hufinya midomo. Likiwa refu mno, huteleza huku na huku, na kama lina kiungo katikati, kiungo hicho hutoka mahali pake. Yafaa libaki kadiri ya robo inchi kila upande. Likining'inia chini mno, hugonga meno. Likivutwa juu mno, hukunja midomo mchana kutwa hata farasi asipovutwa na mtu. Wengine husema hesabu mikunjo miwili ya mdomo, basi yatosha. Haitoshi. Midomo ya farasi haifanani. Hapana budi mtu atie kidole, apapase, atazame farasi atulie au asitulie.

Tena wako wasemao kwamba lijamu nene ni la huruma siku zote. Sivyo. Farasi mwenye kinywa kidogo na ulimi mkubwa hana nafasi ya chuma kinene. Humjaa kinywani hata ashindwe kumeza mate vyema. Na farasi wengine wana jino dogo lililoota mbele ya magego, ambalo chuma huligonga. Magego nayo huota makali pembeni, yakachana shavu. Hapo fundi wa mikanda hana dawa. Aitwe daktari wa mifugo. Je, ni mara ngapi farasi mwenye jino bovu amechapwa kwa ukaidi, na saisi wake kutukanwa kwa uzembe?

Mkanda wa pua ndio uliotuudhi kuliko vyote. Desturi ya zamani yasema vidole viwili vya mtu mzima viingie kati ya mkanda na mfupa wa pua. Desturi ni njema. Wenye farasi hawaifuati. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Limerick walitoa habari za farasi 750 wa mashindano huko Ireland, Uingereza na Ubelgiji. Katika kila farasi 100, kama 44 walikuwa wamekazwa hata kipimo kisiweze kuingia kabisa. Waliokuwa na nafasi ya vidole viwili walikuwa 7 tu. Hao si farasi wa maskini; ni farasi wa watu wenye walimu na vitabu. Ndipo mwaka 2025 shirikisho la michezo ya farasi la ulimwengu, FEI, likawapa wasimamizi wake kipimo maalumu cha kupimia mkanda huo. Ikiwa wakubwa wa ulimwengu wamekubali kupimwa, tajiri wa hapa kwetu hana sababu ya kuona haya.

Farasi aachamaye kinywa asema kwamba kuna jambo linamuuma. Kumfunga kinywa si kumponya. Sisi wafanya kazi twalifahamu jambo hilo kuliko mtu mwingine ye yote.

Tandiko nalo ni vivyo hivyo. Tandiko lisiguse nundu ya mabega wala uti wa mgongo. Mtu akiisha kupanda, bado mwanga uonekane katikati ukitazama toka mbele hata nyuma. Lisibane bega, maana bega hurudi nyuma kila farasi apigapo hatua. Kitambaa cha chini kivutwe juu kiingie katika pengo la tandiko, kisijikaze juu ya nundu. Mkanda wa tumbo ukazwe kidogo kidogo, si kwa nguvu moja. Tandiko lililomfaa farasi mwaka jana laweza kumwumiza mwaka huu, kwa sababu farasi hunenepa na kukonda, na misuli yake hubadilika. Farasi mwenye mabaka ya nywele nyeupe mgongoni amebeba barua ya tandiko bovu, na barua hiyo haifutiki. Lakini katika mazizi mengi tandiko moja hufungwa juu ya farasi watano, ati kwa kubana matumizi. Mgongo ukivimba, saisi hukatwa mshahara.

Elimu hii si mpya. Mgiriki Xenophon aliandika juu yake zaidi ya miaka 2,300 iliyopita: akaonya kwamba lijamu likikaa juu mno lafanya kinywa sugu, na likikaa chini mno farasi atalishika kwa meno. Aliandika kwa ajili ya wenye farasi, ili wapate kujua kazi itakiwavyo kufanywa. Watu wa Ngong wamekuwa na uwanja wao wa mashindano tangu 1954. Muda huo wote masaisi wamepokezana elimu hii kwa mdomo, baba kwa mwana, usiku penye moto wa kuchemshia uji wa farasi. Wengi wao hawana cheti hata kimoja. Tajiri hupewa kikombe. Saisi hupewa farasi kumpoza jasho.

Sasa na tujihukumu wenyewe pia, tusije tukaambiwa nyani haoni kundule. Wako wenzetu wafungao kwa mazoea, tundu lile lile la mkanda miaka nenda rudi, kwa sababu ndivyo walivyokuta. Wako waogopao kusema, wakanyamaza, farasi akaumia. Na wako wanachama wetu walio na punda zao wenyewe, huko Limuru na Mwea, wavutao maji na mizigo kwa mkokoteni. Tumewaona punda waliofungwa kamba ya nailoni shingoni hata ngozi ikatoka, na waya kinywani. Ndugu, huyo punda ndiye shamba lako. Mpe mkanda mpana wa kifuani, ulioshonewa blanketi kuukuu, usipande juu ukamkaba koo. Mtie mto mgongoni mahali pabebapo uzito wa miti ya mkokoteni, nao usikae juu ya uti wa mgongo. Panga mzigo usielemee mbele wala nyuma. Na chuma cha kinywani hakihitajiki. Punda aliyefundishwa vizuri huongozwa kwa hatamu ya kichwani tu. Hatuwezi kumnyoshea tajiri kidole huku mkono mwingine umeshika waya.

Lakini msikubali kudanganywa kwamba makosa yetu na yake ni sawa. Sisi tukikosa twafukuzwa. Yeye akikosa, pia twafukuzwa sisi.

Sheria yasemaje? Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, haimshiki mtumishi peke yake. Yamshika na mwenye mnyama aliyeruhusu ukatili utendeke. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 yamwagiza mwajiri awape wafanya kazi maelezo na mafunzo ya kuwalinda kazini. Farasi mwenye uchungu kinywani hupiga teke, huuma na husimama kwa miguu ya nyuma. Huyo ni hatari kazini kama mashine isiyo na kinga. Na Sheria ya Ajira ya 2007 yasema kwamba kabla ya kumfukuza mtu kwa kosa, mwajiri amweleze kosa lake kwa lugha aifahamuyo, amsikilize, pamoja na mwenzake wa kazi au mwakilishi wa chama aliyemchagua. "Chukua blanketi lako" si kusikiliza mtu. Kadhalika hana ruhusa ya kukata mshahara wako kwa sababu ya mgongo uliovimba, ikiwa hukuharibu kwa kusudi.

Wengine watasema mafunzo ni gharama. Twauliza: daktari wa mifugo ni bure? Mkono uliovunjika ni bure? Farasi mmoja aliyeharibika kinywa hauzwi tena kwa bei njema, na dawa za mgongo huenda wiki kadha wa kadha huku farasi amesimama akila. Asubuhi moja ya mafunzo ni rahisi kuliko hayo yote.

Basi haya ndiyo tutakayo, na kila mwakilishi ayapeleke kwa mwajiri wake:

1. Mwenye farasi na saisi wafundishwe pamoja, mbele ya farasi mwenyewe, katika saa za kazi, na mshahara usikatwe.

2. Kila farasi awe na lijamu na tandiko lake lililopimwa, na vipimo viandikwe ukutani juu ya mlango wake. Vipimwe tena farasi akinenepa au akikonda.

3. Chombo kipya kisitumike kabla saisi na mwenye farasi hawajakijaribu wote wawili.

4. Saisi akisema "hili labana," neno lake liandikwe katika kitabu cha zizi pamoja na tarehe. Akilazimishwa, amri na jina la mtoa amri viandikwe vile vile.

5. Meno ya farasi yatazamwe na daktari walau mara moja kwa mwaka, na kabla ya mtu kusema farasi ni mkaidi.

6. Saisi ajuaye kazi hii apewe cheti na mshahara wa fundi. Ufundi ni ufundi, hata ukinuka samadi.

Nanyi masaisi, msingoje majibu. Kesho asubuhi, kabla ya kufunga mkanda, tia vidole viwili juu ya pua. Papasa pembe za mdomo. Pitisha kiganja chini ya tandiko. Ukiona kidonda, mwite mwenzako aone kwa macho yake, andika siku na saa, kisha mwambie mwenye farasi mbele ya mtu. Karatasi ile ndiyo iliyokosekana siku tulipokwenda kumtetea mwenzetu. Tulikuwa na lijamu, tulikuwa na kijiti, lakini hatukuwa na ushahidi kwamba alisema.

Kuuliza si ujinga, wala kufundishwa na saisi si aibu kwa tajiri. Mwenye kutaka kupanda na ajue alichompa farasi amumunye kinywani. Na siku atakapokuja zizini akasema, "Nionyeshe," twawaomba mmwonyeshe kwa heshima, bila dhihaka, hata ajue. Asipokuja, tutakwenda kwake sisi, na kijiti chetu cha kupimia.

Umoja ni nguvu.